Gole la Kuku Lililojaa Asubuhi: Namna ya Kulitambua na Kulitibu

Somo kwa kaya za wafugaji

Siku hizi maboma mengi ya wafugaji yana kuku. Ng'ombe wakihamishiwa malisho ya mbali wakati wa kiangazi, kuku hubaki nyumbani pamoja na akina mama, wazee na watoto. Yai ni kitoweo cha mtoto, na jogoo akifika mnadani hurudi akiwa chumvi, sabuni au daftari la shule. Kwa hiyo tetea mmoja anayetaga akifa, hasara yake huonekana jikoni.

Kuna tatizo moja linaloua kuku wazuri polepole bila mwenye kuku kujua sababu. Ni gole kushindwa kushusha chakula. Kuku anadonoa na anakunywa, lakini chakula hakifiki tumboni. Anakonda huku kifua chake kimejaa kama aliyeshiba. Kuku wengi wa namna hii hupona wakigunduliwa mapema, na dawa yake ya kwanza ni maji safi, mafuta kidogo ya kula na mikono ya mfugaji mwenyewe. Wakichelewa, au wakitibiwa kwa pupa, hufa.

Baada ya somo hili utaweza:

- kupima gole la kuku na kujua kama lina shida;
- kutofautisha gole lililoziba, gole lililochacha na gole linaloning'inia;
- kutambua dalili za kideri, ambacho hakitibiki kwa njia hizi;
- kumhudumia kuku nyumbani bila kumdhuru;
- kujua wakati wa kumwita mtaalamu wa mifugo.

1. Gole ni nini?

Gole ni kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, mbele ya kifua, upande wa kulia wa kuku mwenyewe. Kuku hana meno. Anachodonoa hukimeza kizima, nacho hukaa kwanza katika gole, hulowana na kulainika. Kutoka hapo hushuka kidogo kidogo kwenye tumbo dogo lenye majimaji ya kuyeyusha chakula, kisha kwenye firigisi. Firigisi ndiyo kinu cha kuku. Humo chakula husagwa kwa msaada wa vijiwe ambavyo kuku amemeza.

Ng'ombe wako hula malisho mchana na kucheua akiwa amepumzika zizini. Kuku hacheui. Ila naye hukusanya chakula mchana na kukishughulikia usiku. Jioni, kuku akipanda kulala, gole lake huwa limejaa. Usiku kucha chakula hushuka, na alfajiri gole huwa tupu au karibu tupu.

Hiyo ndiyo kanuni kubwa ya somo hili: gole lililojaa jioni ni afya, gole lililojaa alfajiri ni ugonjwa.

2. Kwa nini kuku wa boma hupata shida hii

Kuku wa nyumbani hujitafutia, na katika boma huokota vitu vingi ambavyo si chakula. Sababu zinazotokea mara nyingi ni hizi:

Nyuzi na kamba. Magunia ya sandarusi yakichakaa hutoa nyuzi ndefu. Kamba za kufungia ndama, za katani au nailoni, hukatika na kuachwa chini. Mahali ambapo akina mama hutunga shanga, vipande vya uzi huanguka mchangani. Kuku hudhani ni mnyoo na kumeza. Uzi mmoja hukusanya mwingine, kisha nyasi na manyoya, mpaka donge linafanyika.

Nyasi ndefu na kavu. Wakati wa kiangazi hakuna majani laini. Kuku mwenye njaa huvuta nyasi ngumu, au mabua ya mahindi na maharage. Nyuzinyuzi hizi husokotana ndani ya gole.

Kukosa maji. Kuku mmoja mkubwa hunywa karibu robo lita ya maji kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Kuku kumi wanahitaji zaidi ya lita mbili. Maji yanapochotwa mbali, kuku husahaulika kwanza. Chakula kikavu bila maji hakilainiki.

Kula kwa pupa baada ya njaa. Kuku walioshinda na njaa wakimwagiwa pumba kavu au nafaka nyingi kwa mara moja hujaza gole kupita kiasi. Wakinywa maji baadaye, pumba huvimba.

Kukosa changarawe. Kuku anayezunguka hupata vijiwe mwenyewe. Anayefungiwa ndani, au anayeatamia mayai muda mrefu, anaweza kuvikosa. Firigisi isiposaga, gole nalo husimama.

Ugonjwa mwingine. Minyoo mingi, firigisi iliyoziba, yai lililokwama, au ugonjwa wa Marek unaoharibu mishipa ya fahamu vinaweza kulifanya gole lisifanye kazi. Hapa gole ni dalili tu.

3. Namna ya kumpima kuku

Fanya kazi hii alfajiri, kabla ya kuwafungulia kuku na kabla hawajala chochote. Ukichelewa hadi saa nne asubuhi, hutajua kama chakula ulichogusa ni cha jana au cha leo.

Hatua ya 1. Jioni iliyotangulia, kuku unayemshuku mtenge. Mweke peke yake kwenye tenga au boksi, bila chakula, lakini mwachie maji.

Hatua ya 2. Alfajiri mshike taratibu, mabawa yakiwa yamebanwa kwenye mwili wake, kichwa kikiwa juu. Mpakate.

Hatua ya 3. Pitisha vidole kuanzia shingoni ukishuka hadi kifuani. Usibonyeze kwa nguvu. Kama kuna kitu, sikiliza kwa vidole: ni kigumu, ni kama unga uliokandwa, au ni kama mfuko wa maji?

Hatua ya 4. Gusa mfupa wa kifua. Kama umechongoka kama kisu na hakuna nyama pembeni, kuku amekuwa akiumwa kwa muda mrefu kuliko ulivyodhani.

Hatua ya 5. Fungua mdomo wake kwenye mwanga. Nusa pumzi yake. Tazama kama kuna utando mweupe, uzi ulioshikwa na ulimi, au kidonda.

Hatua ya 6. Tazama kinyesi cha usiku kwenye tenga. Kama ni kidogo sana, chakula hakipiti. Kinyesi chembamba cha kijani kinaweza kutokana na njaa, lakini pia kinaweza kuwa dalili ya kideri. Ndiyo maana lazima usome sehemu inayofuata kabla ya kutibu.

Ni vizuri pia kupima kuku mzima aliye na afya, jioni na alfajiri, ili vidole vyako vijue tofauti. Wafundishe na watoto wanaofungulia kuku kila siku. Wao ndio watakaogundua mapema.

4. Kwanza ondoa shaka ya kideri

Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huweza kufanya gole lijae majimaji na mate yatoke mdomoni. Mfugaji anayekaa akikanda gole la kuku mwenye kideri hupoteza siku ambazo angetumia kuwakinga majirani na kuku waliobaki.

Shuku kideri ukiona mambo haya:

- kuku zaidi ya mmoja wanaumwa ndani ya siku chache;
- wanahema kwa shida, wanakoroma au kukohoa;
- wanaharisha kijani;
- shingo imepinda, mabawa yamelegea, au miguu imepooza;
- kuku wanakufa kwa kufuatana.

Kideri hakina tiba. Watenge wagonjwa, usiuze wala kugawa kuku, usitupe mizoga porini au kwa mbwa, ifukie au ichome moto, na mpe taarifa afisa mifugo wa eneo lako siku hiyo hiyo. Shida ya gole lenyewe kwa kawaida humpata kuku mmoja, wenzake wakiwa wazima.

Jambo la pili la kuangalia ni sumu. Kuku hupenda kudonoa kupe. Kama ng'ombe wamenyunyiziwa dawa ya kupe, kuku akila kupe walioanguka, au akinywa dawa iliyotuama chini, anaweza kudhurika. Kuku anayetokwa mate na kutetemeka muda mfupi baada ya mifugo kuogeshwa, mtenge na umwulize mtaalamu, ukimweleza ni dawa gani ilitumika.

5. Gole lililoziba

Dalili. Alfajiri gole ni gumu kama mpira, au ni kama donge la unga uliokandwa. Kuku ananyoosha shingo na kuipindisha kama anayejaribu kumeza. Anadonoa kisha anaacha. Kinyesi ni kidogo. Pumzi yake bado haina harufu mbaya.

Matibabu ya nyumbani

Hatua ya 1. Mtenge mahali penye kivuli na pasipo na nyasi, manyoya wala mchanga wa kudonoa. Sakafuni weka kitambaa au boksi tupu. Usimpe chakula chochote kwa siku moja. Maji safi yawepo muda wote.

Hatua ya 2. Chukua nusu kijiko cha chai cha mafuta ya kula ya maji, kama ya alizeti, yenye uvuguvugu kidogo. Shika kichwa kikiwa sawa, kisiinuliwe juu sana. Dondosha tone moja moja pembeni mwa mdomo, na kila tone ungoje alimeze. Unaweza kutumia bomba la sindano lililo safi na lisilo na sindano. Tundu la kupumulia la kuku liko nyuma ya ulimi wake. Ukimimina kwa wingi, mafuta huingia mapafuni na kuku hufa kwa kupaliwa, hata kama gole lingepona.

Hatua ya 3. Baada ya dakika chache mpe maji ya uvuguvugu kwa njia ile ile, matone machache.

Hatua ya 4. Kanda gole kwa ncha za vidole, kwa kuzungusha polepole, ili donge livunjike na kulowana. Fanya kwa dakika tano, kisha mwache apumzike. Rudia mara tatu au nne kwa siku. Usilisukume donge kuelekea kichwani. Maji yakianza kutoka mdomoni, acha mara moja, mweke chini asimame na apumue.

Hatua ya 5. Mafuta mpe asubuhi na jioni tu.

Hatua ya 6. Alfajiri ya kesho pima tena. Gole likiwa limepungua na kinyesi kimeanza kutoka, umefanikiwa. Mpe chakula laini kidogo kidogo: yai lililochemshwa na kupondwa, au ugali mlaini uliolowekwa maji. Kiasi cha kijiko kimoja, mara tatu au nne kwa siku. Nafaka nzima na majani asipewe mpaka gole liwe tupu kwa asubuhi tatu mfululizo.

Kama gole halijabadilika baada ya siku mbili, usiendelee kumshindisha na njaa. Huenda ndani kuna kamba au donge ambalo haliwezi kupita. Mtaalamu wa mifugo anaweza kupasua gole, kutoa donge, na kulishona kwanza gole lenyewe na kisha ngozi. Kuku ambaye bado ana nguvu huweza kupona vizuri baada ya kazi hiyo. Anayebaki bila msaada hufa kwa njaa huku gole lake limejaa.

Ukiona uzi umetokeza mdomoni, usiuvute. Huenda umejifunga kwenye ulimi au umeshuka hadi firigisi, na unaweza kumkata kwa ndani. Mpeleke kwa mtaalamu jinsi alivyo.

6. Gole lililochacha

Dalili. Gole ni teketeke, limejaa maji na hewa, na ukiligusa hutikisika kama kiriba. Pumzi ina harufu kali ya kuchacha, kama pombe au uji uliolala. Majimaji yanaweza kutoka mdomoni kuku anapoinamisha kichwa. Mdomoni panaweza kuwa na utando mweupe. Kuku anajikunyata, ametimua manyoya, na anakonda.

Chanzo chake ni fangasi wa jamii ya hamira. Fangasi hawa huwepo kwa kiasi kidogo hata kwa kuku mzima. Huzidi wakati chakula kimekaa muda mrefu golini, wakati kuku amekula chakula chenye ukungu au amekunywa maji machafu, na wakati amepewa dawa za kuua bakteria kwa muda mrefu. Dawa hizo huua bakteria wazuri wanaowazuia fangasi wasienee.

Hapo ndipo wafugaji wengi hukosea. Kuku akiumwa, mtu huchukua oksitetrasaiklini ya ng'ombe, ile inayojulikana kama OTC, akampiga sindano kwa kukisia kipimo. Dawa hiyo haiui fangasi. Huweza kuwapa fangasi nafasi zaidi, na kuku anazidi kudhoofika.

Matibabu

Hatua ya 1. Mtenge na usimpe chakula kwa siku moja, lakini maji safi yawepo. Badilisha maji asubuhi, mchana na jioni, na usugue chombo kila mara.

Hatua ya 2. Usimkande kwa nguvu. Gole lenye maji hupandisha maji kwenye koo haraka, na kuku hupaliwa.

Hatua ya 3. Wasiliana na mtaalamu wa mifugo mapema. Gole lililochacha huhitaji dawa ya fangasi, kama nistatini, kwa kipimo cha uzito wa kuku. Mweleze dawa zote ulizokwisha kumpa.

Hatua ya 4. Baada ya siku moja mpe yai lililochemshwa na kupondwa, kidogo kidogo. Usimpe maziwa, sukari, asali, wala uji uliochacha. Fangasi hustawi kwa vyakula vyenye sukari, na kuku hawezi kuyeyusha maziwa vizuri.

Hatua ya 5. Tafuta chanzo. Mara nyingi gole lililochacha lilianza kwa kuziba. Maji yakipungua, gusa tena kwa uangalifu kama kuna donge chini yake.

Utando mweupe mdomoni una sababu zaidi ya moja. Ndui ya kuku huweza kuleta utando mdomoni pamoja na vipele kwenye kishungi na pembeni mwa macho. Ukosefu wa vitamini A, ambao huja kuku wanapokosa majani mabichi kwa muda mrefu, huleta vipele vyeupe mdomoni na kooni. Kwa hiyo usinunue dawa kwa kuangalia weupe peke yake. Mwonyeshe mtaalamu.

7. Gole linaloning'inia

Kuna kuku ambaye gole lake limenyooka na kulegea kama mfuko mtupu uliojaa tena na tena. Hutembea nalo likiyumba mbele ya kifua. Misuli ya gole imechoka na hairudi katika hali yake. Hii huweza kutokea baada ya kuziba mara nyingi, au baada ya kula na kunywa kupita kiasi kwa ghafla. Huweza pia kutokana na ugonjwa wa Marek. Huo mara nyingi humpata kuku kijana, na hulemaza miguu, mmoja ukitangulia mbele na mwingine ukibaki nyuma. Ugonjwa wa Marek hauna tiba.

Kuku wa namna hii hapati nafuu ya kudumu. Unaweza kumpunguzia shida kwa kumlisha chakula laini kidogo kidogo, lakini kumbuka kwamba gole litachacha mara kwa mara. Usimtumie kwa kuzalisha vifaranga. Ukimtunza mwaka mzima ukitumaini atapona, utakuwa unalisha bila kuvuna.

8. Mambo matano usiyafanye

Usimgeuze kuku kichwa chini ili atapike. Kuku hatapiki kama mbwa. Majimaji yakishuka mdomoni, mengine huingia kwenye tundu la kupumulia na kumwua mikononi mwako. Hii ni njia inayojulikana sana vijijini, na ndiyo inayoua kuku ambao wangepona.

Usipasue gole kwa wembe au kisu cha nyumbani. Gole lina tabaka zake. Likishonwa vibaya, chakula huvujia ndani ya ngozi na kidonda huoza.

Usimmiminie maji, mafuta au dawa za miti shamba kwa kumfungua mdomo kwa nguvu.

Usimpe dawa ya ng'ombe au mbuzi kwa kukisia. Na kuku aliyepewa dawa yoyote, usile mayai wala nyama yake mpaka zipite siku alizokutajia mtaalamu.

Usimrudishe kwenye kundi kwa sababu amechangamka asubuhi moja. Ngoja asubuhi tatu za gole tupu.

9. Kutibu au kuchinja?

Wakati mwingine gharama ya kumfikia mtaalamu ni kubwa kuliko thamani ya kuku. Hilo ni jambo la kupima kwa uwazi, na si aibu.

Kuku aliyeziba gole tu, ambaye bado ana nyama, hana harufu, hajapewa dawa na wenzake ni wazima, anaweza kuchinjwa na kuliwa. Mchinje mapema, kabla hajakonda. Ondoa gole zima bila kulipasua, ulifukie, na upike nyama mpaka iive kabisa. Baada ya hapo lipasue gole kabla ya kulifukia kama unataka kujua kilichomo. Ukikuta nyuzi za gunia, umepata jibu la kuwaokoa waliobaki. Nawa mikono kwa sabuni.

Kuku aliyekonda sana, mwenye harufu ya kuoza, aliyetibiwa kwa dawa, au aliye katika kundi linalokufa, asiliwe. Mfukie shimoni au mchome.

10. Kinga

Kazi ya kukinga gole ni ndogo, ila ni ya kila siku.

- Fagia uwanja wa boma na uokote nyuzi, kamba, nywele za mbuzi na vipande vya plastiki. Kazi ya kutunga shanga ifanyike juu ya ngozi au kitambaa kinachoweza kukung'utwa, na mabaki ya uzi yachomwe.
- Weka maji safi kivulini kila siku, hata msimu wa maji haba. Chombo kisiwe karibu na kinyesi.
- Lisha kiasi kidogo asubuhi na jioni kuliko kumwaga chakula kingi mara moja. Pumba ilowekwe kidogo maji kabla ya kutolewa, na iliyobaki isilale.
- Nafaka yenye ukungu usiwape kuku. Ukungu huleta fangasi na sumu.
- Majani mabichi yakatwe vipande vifupi, urefu wa pingili moja ya kidole.
- Kuku waliofungiwa na wanaoatamia wawekewe changarawe ndogo ya korongoni kwenye kigae. Maganda ya mayai yaliyosagwa husaidia ganda la yai kuwa imara, lakini huyeyuka tumboni. Hayachukui nafasi ya changarawe.
- Siku ya kuogesha ng'ombe au mbuzi, fungia kuku mpaka mifugo ikauke na mahali pale pasafishwe.
- Wape kuku dawa ya minyoo kwa ushauri wa mtaalamu. Baadhi ya minyoo myembamba kama uzi hukaa kwenye ukuta wa gole lenyewe.
- Chanja dhidi ya kideri kila baada ya miezi 3 hadi 4. Chanjo ya I-2 huwekwa tone moja jichoni na huvumilia joto kuliko chanjo nyingine nyingi za kideri, lakini isiachwe juani. Chanja kuku wazima, kwa kuwa chanjo haimponyi anayeumwa.

11. Zoezi

Someni pamoja nyumbani. Kila mmoja aseme angefanya nini kabla ya kusoma jibu.

Kuku wa kwanza. Tetea mmoja ana gole gumu kama mpira alfajiri. Jana alionekana akidonoa gunia la zamani. Pumzi haina harufu. Wenzake kumi ni wazima.

Kuku wa pili. Alipigwa sindano ya dawa ya ng'ombe kwa siku kadhaa. Sasa gole ni teketeke, pumzi inanuka kama pombe, na ana utando mweupe mdomoni.

Kuku wa tatu. Gole limejaa maji. Kuku wengine watatu wameanza kuumwa tangu juzi, mmoja shingo imepinda, na wote wanaharisha kijani.

Majibu. Wa kwanza ameziba gole. Mtenge, mpe maji, mafuta tone kwa tone, na umkande. Usipoona nafuu ndani ya siku mbili, mtafute mtaalamu au amua kumchinja. Na gunia lile liondolewe leo. Wa pili amechacha gole. Acha dawa ya ng'ombe, usimkande kwa nguvu, na umwone mtaalamu kwa dawa ya fangasi. Wa tatu mshuku kuwa na kideri. Usipoteze muda na gole lake. Tenga wagonjwa, zuia kuku kutoka au kuingia bomani, na toa taarifa.

Kumbuka

Pima alfajiri. Gumu, maji, au limelegea: kila moja lina njia yake. Wakiumwa wengi, fikiria kideri kwanza. Kichwa cha kuku kibaki juu wakati wote, na kila unachompa kiingie tone kwa tone. Kesho kabla ya kufungulia kuku, anza na tetea wako bora: mshike, gusa gole lake, na ujue hali yake angali mzima.